Kutunza Historia ya Dunia Inayojisahau

Katika chama chetu cha wachezaji wa World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi kwa pamoja mtandaoni, mimi ndiye niliyekuwa mtunza historia. Tulicheza upande wa Alliance, unaopigana na upande wa Horde, kwenye seva ya uigizaji, yaani mahali ambapo mchezaji hatosheki na kuua majoka na kukusanya silaha, bali huzungumza, hugombana na huomboleza kama mhusika wake angefanya. Kwa sababu hiyo, swali la nani alimtendea nani nini, lini na kwa nini, lilikuwa swali la kila jioni. Mgeni akijiunga nasi na mhusika wa kabila la draenei, alihitaji kujua watu wake walikimbia nini na walifikaje Azeroth, dunia ya mchezo huo. Akija na kuhani wa maelfi wa usiku (night elves), alihitaji kujua miungu yake ilimwahidi nini na ni ahadi ipi iliyovunjwa. Nilikuwa na daftari, ambalo baadaye liligeuka faili refu la kompyuta, na humo niliandika kila nililolisoma katika maelezo ya misheni, katika mazungumzo ya wahusika na katika riwaya zinazotolewa sambamba na mchezo. Pembeni nilitia alama kila mahali jambo moja lilipopingana na jingine, na alama hizo ziliongezeka upesi.

Hilo lenyewe si la kushangaza. Mchezo wa kwanza wa Warcraft ulitoka mwaka 1994, ukiwa mchezo wa mikakati wa maorki dhidi ya wanadamu, na hadithi yake ilienea ndani ya kijitabu. World of Warcraft ilipozinduliwa Novemba 2004 ilirithi hadithi hiyo na nyingine zilizofuata, ikaongeza mabara, makabila na maelfu ya misheni, na tangu hapo imekuwa ikipata nyongeza kubwa takriban kila baada ya miaka miwili. Walioandika sura za mwanzo si wote walioandika sura za baadaye, na mwaka 1994 hakuna aliyewaza kwamba miaka 30 mbele watu wangekuwa bado wanadai nasaba za wafalme na tarehe za vita. Hadithi ya namna hiyo lazima ijipinge mahali. Kilichonichukua muda kukiona ni kwamba alama zangu za pembeni hazikuwa na uzito mmoja: nyingine tulizicheka na kuzipita, nyingine ziliwafanya waigizaji wetu bora waage chama.

Nianze na zile za kucheka. Kijitabu cha Warcraft III, mchezo wa mwaka 2002, kilieleza kwamba Sargeras, shujaa wa matitani, viumbe wenye nguvu kama za miungu, aliyetumwa kupambana na uovu ulimwenguni, alianza kupotoka baada ya kukutana na eredar, jamii ya wachawi waovu kupindukia. Kisha ikaja nyongeza ya The Burning Crusade, iliyotoka Januari 2007, ikituletea draenei kama wachezaji wa upande wetu, na ikatuambia kwamba draenei ni eredar waliokimbia, kwamba eredar walikuwa watu wema na wenye elimu, na kwamba Sargeras ndiye aliyewapotosha. Nani basi alimharibu mwenziwe? Chris Metzen, mmoja wa waandishi wakuu wa dunia hiyo, alikiri hadharani hata kabla nyongeza haijatoka kwamba maneno ya kijitabu aliyaandika mwenyewe na kwamba aliyasahau kabisa.

Kwa kipimo cha mhakiki mkali, hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa linagusa asili ya uovu wote katika dunia ile. Hata hivyo, katika chama chetu halikumsumbua mtu kwa zaidi ya wiki mbili tatu, nami nilijiuliza sana kwa nini. Jibu nililolipata ni kwamba habari mpya ilikuwa na sababu nyingi kuliko ile ya zamani. Eredar wa kijitabu walikuwa waovu kwa sababu walikuwa waovu, basi. Eredar wapya walikuwa na viongozi watatu, Velen, Kil'jaeden na Archimonde, waliojaribiwa kwa elimu na nguvu. Mmoja aliona katika maono mwisho wa ahadi ile akakimbia na waliomwamini, na wawili waliobaki wakageuka wawindaji wake. Kil'jaeden alimchukia Velen kama mtu anavyomchukia rafiki aliyemtoroka usiku bila kuaga. Mwigizaji aliyepewa historia hiyo alikuwa na kitu cha kushika: hofu, hatia, undugu uliokatika. Isitoshe, mambo yale yalitokea maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo ilitosha kusema kwamba wanazuoni wa kibinadamu walioandika habari za kale walikosea. Chama kikapata hata mhusika mmoja, mwanachuo mkaidi, aliyeendelea kuitetea historia ya kijitabu mbele ya draenei wenyewe, na mabishano yao yalikuwa miongoni mwa jioni zetu bora.

Kisa cha Falstad ni chepesi zaidi. Katika mkutano wa mashabiki wa BlizzCon wa Oktoba 2010, kijana mmoja aliyevaa shati jekundu aliwauliza waandishi kwa nini Falstad wa ukoo wa Wildhammer hayumo katika Baraza la Nyundo Tatu, lililokuwa likipewa utawala wa mji wa mbilikimo wa Ironforge. Mezani wakadhani Falstad alikwisha kufa. Kijana akawasahihisha kwa utulivu kwamba yu hai, na kwamba amekuwa hai muda wote huo. Falstad akaingizwa barazani, na karibu naye akawekwa mhusika mdogo aliyevaa shati jekundu ambaye cheo chake ni mkaguzi wa ukweli. Nimewahi kuwasikia watu wakikitumia kisa hiki kama ushahidi wa uzembe. Mimi nakiona kama mfano wa kosa lisilodhuru: jina liliachwa nje, jina likarudishwa, na hakuna mtu ambaye matendo yake yaligeuka yasieleweke.

Kundi la pili la alama zangu halikutokana na waandishi kusahau, bali na umbo la mchezo wenyewe. Nyongeza ya Cataclysm, iliyotoka Desemba 2010, iliivunja na kuijenga upya dunia ya zamani: joka Deathwing alipasua mabara, mito ikahama, miji ikaanguka. Lakini maeneo ya nyongeza za 2007 na 2008 hayakuguswa. Mchezaji mpya wa Horde aliyeanza safari wakati huo alimkuta Garrosh Hellscream ameketi Orgrimmar, mji mkuu wa Horde, akiwa mkuu wa vita, yaani kiongozi wa Horde nzima, akapanda ngazi hadi akatumwa Outland, dunia nyingine ya nyongeza ya 2007, na kule Nagrand akamkuta Garrosh yuleyule akiwa kijana aliyekata tamaa, anayeona aibu kwa jina la baba yake, bado hajafika Azeroth. Mchezo haukumweleza kwamba amerudishwa nyuma kwa miaka. Jambo kama hili halina dawa kamili, kwa sababu kuandika upya kila kitu kila mara ni gharama isiyobebeka. Wageni wetu niliwapa karatasi moja yenye mpangilio wa miaka, wakaridhika.

Lipo pia tatizo la shujaa. Nyongeza ya Legion ya mwaka 2016 ilimpa kila mchezaji silaha ya kihistoria, na paladini, yaani askari mtakatifu, aliyechagua njia ya adhabu alipewa Ashbringer, upanga mmoja usio na mwenziwe ambao habari zake zilikuwa zimejengwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Matokeo yake, mtu aliingia mji wa Dalaran na kuona mapaladini kadhaa wamesimama karibu na benki, kila mmoja amebeba upanga huo wa pekee, na kila mmoja ndiye kiongozi mkuu wa shirika la Silver Hand. Katika mchezo wa mtu mmoja nyumbani kwake, uandishi huo usingekuwa na kasoro. Katika dunia inayokaliwa na maelfu ya watu kwa pamoja, unamlazimu kila mchezaji ajifanye hawaoni wenzake. Chama chetu kilipitisha kanuni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuwa mshika Ashbringer ndani ya uigizaji, na paladini wetu akausema upanga wake kuwa nakala iliyofuliwa na mhunzi mzuri. Hakufurahi, na sikumlaumu.

Sasa nije kwenye alama nzito. Tulikuwa na chama rafiki upande wa Horde, ambacho tulipanga nacho vita vya kuigiza na ambacho tuliwasiliana nacho nje ya mchezo, kwa kuwa wakati huo ndani ya mchezo pande hizo mbili hazikusikilizana. Mmoja wao aliigiza askari wa kiorki, mtu wa nidhamu, mtiifu kwa Garrosh. Msingi wa utiifu huo ulikuwa misheni za Stonetalon za mwaka 2010. Katika misheni hizo kamanda aitwaye Krom'gar analipua shule ya makuhani wa misitu huko Thal'darah na kuua watu wasio na silaha, kisha Garrosh anafika mwenyewe, anamkemea mbele ya jeshi kwa kuivunjia Horde heshima, na anamtupa kutoka juu ya mwamba. Mwigizaji yule alisema kwamba hapo ndipo askari wake alipoamua kumfuata mkuu huyu hadi kufa, maana ni mkali lakini ana mpaka. Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, Garrosh huyohuyo akaudondoshea Theramore, mji wa Alliance, bomu la nguvu za kichawi na kuufuta juu ya ardhi. Kufikia Septemba 2013 alikuwa bosi wa mwisho ndani ya mji wake mwenyewe, akizungukwa na majeshi ya pande zote mbili.

Mwigizaji akanijia na swali moja: mkuu wangu alibadilika lini? Nikafungua faili na kupekua kila mstari niliouandika kumhusu Garrosh. Nilikuta kiburi, nikakuta njaa ya ushindi, nikakuta chuki kwa wanadamu. Nilikuta pia shinikizo la kweli, kwa kuwa nchi ya maorki ni kavu na watu wake walihitaji mbao na chakula. Vyote hivyo vingeweza kumfikisha mtu Theramore. Kisichokuwamo ni hatua ya katikati, siku ambayo mtu aliyemtupa Krom'gar kwa ajili ya bomu moja aliona bomu jingine kuwa halali. Mtu anaweza kusema kwamba Stonetalon iliandikwa kana kwamba Garrosh atakua kuwa kiongozi, na kilichofuata kiliandikwa kana kwamba ataharibika, na pande hizo mbili hazikupatanishwa. Mchezaji anapata matokeo tu. Nilimshauri yule ndugu aigize mshangao wenyewe, yaani askari asiyemwelewa tena bwana wake, naye alifanya hivyo kwa ustadi mkubwa, lakini alinieleza kwamba alichoka kufanya kazi ambayo hadithi ilipaswa kumfanyia.

Tangu siku hiyo niliongeza safu ya pili katika faili langu. Safu ya kwanza iliandikwa tukio. Ya pili iliandikwa sababu aliyopewa mchezaji kabla ya tukio, si baada yake. Nilipoanza kujaza safu ya pili, nilishangaa jinsi ilivyokuwa tupu mahali ambapo watu walilalamika zaidi, na jinsi ilivyojaa mahali ambapo watu walisamehe makosa ya tarehe, majina na jiografia bila hata kuyataja.

Vol'jin ni mfano wa nafasi tupu ya aina nyingine. Troli huyu, aliyeongoza uasi dhidi ya Garrosh, alifanywa mkuu wa vita mwishoni mwa 2013, na wachezaji wengi wa Horde walifurahi kupata kiongozi mwenye busara. Katika nyongeza iliyofuata, Warlords of Draenor ya mwaka 2014, hakuonekana kwa kiasi cha kutajika, na ile ya 2016 ilipofunguliwa alijeruhiwa vibaya ufukweni, na kabla ya kufia Orgrimmar akamkabidhi cheo Sylvanas, malkia wa wafu walio upande wa Horde, kwa maelezo kwamba mizimu imemnong'oneza. Mizimu ipi? Baadaye mchezo wenyewe uliutuma mzimu wa Vol'jin kumtafuta aliyemnong'oneza, ukimpitisha kwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikana. Mimi sijawahi kupata jibu lililoniridhisha. Hakuna tarehe iliyopingana na tarehe hapo. Kuna mtu aliyepewa kiti bila kupewa maisha.

Na hapo tukafika Teldrassil, mti mkubwa kuliko milima ambao juu yake ulijengwa mji wa maelfi wa usiku. Zaidi ya nusu ya wahusika wa chama chetu walikuwa wakazi wake. Katikati ya mwaka 2018, kabla ya nyongeza ya Battle for Azeroth, jeshi la Horde chini ya Sylvanas lilivuka misitu hadi pwani na kuuchoma mti huo pamoja na waliokuwamo. Niseme wazi kwamba, kama tukio, lilikuwa miongoni mwa yaliyotengenezwa vizuri kuliko yote niliyoyacheza. Misheni moja ilitutaka tuwatoe raia kwenye moto ndani ya dakika chache, na hesabu iliyoandikwa kwenye skrini ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna mchezaji ambaye angeweza kuitimiza. Ulikimbia, uliokoa wachache, muda ukaisha. Hakuna aya ya maneno ambayo ingetufikisha pale tulipofikishwa na namba ile isiyotimilika. Usiku huo tuliigiza msiba hadi alfajiri, na watu waliokuwa na ugomvi wa kweli nje ya mchezo walipatana.

Tatizo lilikuwa sababu. Filamu fupi iliyotolewa siku zile ilimwonyesha Sylvanas akizungumza na askari wa kielfi anayekata roho, Delaryn, ambaye anamwambia kwamba tumaini haliwezi kuuawa. Sylvanas anautazama mti, kisha anaamuru uchomwe. Ukiitazama, unaona uamuzi wa ghafla unaozaliwa na hasira na maumivu ya zamani. Mpango wa vita, kama ulivyoelezwa, ulikuwa kuuteka mti na kuutumia kuigawanya Alliance, si kuuteketeza. Wachezaji wa Horde waliamka wakiwa washiriki wa mauaji ambayo hawakuyachagua, na wenzetu wa chama rafiki wakaniuliza tena lile swali la Garrosh, safari hii kwa uchungu zaidi. Tukaambiwa tusubiri, kwamba kuna maelezo yanakuja.

Tulisubiri. Maelezo yalikuja na nyongeza ya Shadowlands, iliyotoka Novemba 2020: Sylvanas alikuwa ameshirikiana kwa miaka mingi na Mlinzi wa Jela, kiumbe aitwaye Zovaal, na vita vilikuwa njia ya kumpelekea roho nyingi kule Maw, mahali ambapo roho hazitoki. Nililinganisha safu zangu mbili. Ikiwa lengo lilikuwa roho tangu mwanzo, uamuzi wa ghafla katika filamu ulikuwa wa nini, na alikuwa akimwigizia nani wakati aliyekuwa mbele yake ni mtu anayekufa? Ikiwa uamuzi ulikuwa wa ghafla, mpango mkubwa ulitegemeaje kwamba askari mmoja angesema neno moja la kumuudhi? Kila maelezo yanasimama yakiwa peke yake. Yakikaa pamoja, moja linalifanya jingine kuwa la bure. Julai 2021 Sylvanas akamgeuka Zovaal aliposikia kwamba viumbe wote watamtumikia, jambo ambalo mtu mwenye akili yake angeshuku mapema zaidi, na mwaka uliofuata akahukumiwa kwenda Maw kuzitafuta roho alizozipeleka.

Zovaal alifanya madhara mengine ambayo, kwa maoni yangu, ni makubwa kuliko Teldrassil. Tuliambiwa kwamba hata kofia ya Lich King, mtawala wa majeshi ya wafu, na upanga wake vilitengenezwa kwa ajili ya mipango ya huko kuzimu. Kwa hiyo kisa cha mwana wa mfalme Arthas, aliyeua watu wa mji kwa kuamini anawaokoa, akautwaa upanga uliolaaniwa kwa hiari yake na akaishia kumuua baba yake, kikawa sehemu ndogo ya hila ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia. Ni kama mganga anayetoa dawa ileile kwa homa, kidonda na kichaa. Fumbo likipata jibu, hadithi hunufaika. Mafumbo yote yakipata jibu moja, yale yaliyokuwa tayari na majibu yake hupoteza yaliyokuwa nayo. Kosa la eredar liliongeza sababu mahali ambapo hapakuwa nayo. Kosa la Zovaal liliondoa sababu mahali ambapo ilikuwapo, na hilo ndilo lililowaondoa waigizaji wetu watatu wa siku nyingi.

Nimefikiri sana kuhusu kinachozaa makosa ya aina hii ya pili, na siamini kwamba ni ukosefu wa vipaji. Mchezo ulijengwa juu ya pande mbili zinazopigana, na kwa hiyo amani ikidumu mno lazima mtu aivunje. Kwa kuwa Alliance imechorwa kama upande wa utaratibu, mvunjaji hutoka Horde, na kwa kuwa Horde nayo ina wachezaji wanaolipa na wanaotaka kujiheshimu, lawama yote hurundikwa juu ya mkuu mmoja ambaye baadaye huondolewa na waasi wa pande zote. Ilikuwa hivyo kwa Garrosh, ikawa hivyo kwa Sylvanas, na wachezaji waliitambua njia hiyo tangu hatua za kwanza. Ni jambo la kutafakarisha kwamba mwaka 2022 mchezo wenyewe uliruhusu watu wa pande mbili kuingia pamoja katika mapambano mengi, kana kwamba kanuni zilichoka na vita kabla ya hadithi kuchoka.

Chanzo kingine ni matukio makubwa kufanyika nje ya mchezo. Cairne, mzee wa watauren, alikufa mwaka 2010 ndani ya riwaya, katika pambano la wawili na Garrosh, kwa silaha iliyopakwa sumu na mtu wa tatu. Mchezaji asiyesoma alirudi Thunder Bluff, mji wa watauren, na kumkuta mwanawe Baine kwenye kiti. Kesi ya Garrosh na kutoroka kwake mwaka 2014 navyo vilikuwa vya riwaya. Riwaya hizo nyingine ni nzuri, na mtunza historia kama mimi alizinunua. Lakini sababu ikiwekwa kwenye kitabu na matokeo yakiwekwa kwenye mchezo, wengi hupokea matokeo peke yake na kuyaona ya kipumbavu, na hawana kosa.

Baadhi yetu walihamia Final Fantasy XIV, nami niliwafuata kwa muda. Mchezo huo ulizinduliwa mwaka 2010 ukiwa na hali mbaya, ukafungwa Novemba 2012, na ukarudi Agosti 2013 chini ya Naoki Yoshida ukiwa umejengwa upya, na maangamizi ya dunia ya kwanza yakiwa sehemu ya hadithi ya pili. Humo hadithi kuu ni mstari mmoja: kwa kawaida mtu haruki sura, wala hafiki nchi mpya kabla ya kumaliza ya zamani, na mambo makuu hutokea mbele ya macho ya mchezaji. Bei yake ni kubwa. Misheni za mwanzo zimejaa safari za kupeleka ujumbe na kuleta vifaa, hata mwaka 2020 watengenezaji wenyewe wakazipunguza. Lakini nyongeza ya Endwalker ilipofunga mwishoni mwa 2021 hadithi iliyoanza miaka hiyo yote, nilitazama safu yangu ya pili nikaikuta imejaa karibu kila mahali. Adui mkuu wa nyongeza iliyotangulia, Emet-Selch, alikuwa ametuonyesha mji aliouomboleza kabla hatujapigana naye. Tulijua anachotaka, tukampinga tukijua.

Ulimwengu wa The Elder Scrolls umechagua njia ya tatu, ambayo waigizaji wengine waliipenda na mimi bado sijaamua. Mchezo wa Daggerfall wa mwaka 1996 ulikuwa na miisho kadhaa inayopingana, na michezo iliyofuata ilitangaza kwamba wakati ulivunjika na miisho yote ilitokea. Ni werevu. Ingetumika mara nyingi, mchezaji angeacha kujali lolote, maana kila kitu kingekuwa kweli. Wenzao wa Warcraft wamewahi kukaribia hapo: baada ya kuchapisha vitabu vya historia katika juzuu tatu kati ya 2016 na 2018, vilivyopokelewa kama msingi usiopingika, waandishi walikuja kusema kwamba vimeandikwa kwa mtazamo wa matitani. Juzuu zangu zina alama za kalamu kila ukurasa, kwa hiyo niruhusiwe kunung'unika kidogo.

Chama chetu bado kipo, kidogo kuliko zamani, na kina kanuni mbili nilizoziandika baada ya Shadowlands. Kwanza, mhusika anajua alichokiona na alichosimuliwa na mtu aliyekuwapo. Mengine ni uvumi, hata kama mchezo umeyaonyesha kwenye filamu. Kwa kanuni hii maelfi wetu wanajua kwamba mti ulichomwa na nani aliyeamuru, na hawajui chochote kuhusu Zovaal isipokuwa porojo za mabaharia, jambo linaloziacha huzuni zao zikiwa na ukubwa wake. Pili, hakuna anayeruhusiwa kubadilisha tabia ya mhusika wake kwa sababu tu nyongeza mpya imetoka. Lazima kwanza aigize jioni moja ambayo mabadiliko yanaanza, mbele ya watu. Kanuni ya pili imetupa kazi zaidi, na imetupa pia maandishi ambayo singeyabadilisha kwa misheni nyingi za wataalamu.

Metzen, aliyeondoka mwaka 2016, amerudi kazini, na mwaka 2023 ilitangazwa hadithi ya nyongeza tatu mfululizo, ya kwanza ikiwa The War Within iliyotoka Agosti 2024. Kupanga nyongeza tatu kwa pamoja ni jambo jema kwa safu ya pili, kwa kuwa angalau panapatikana nafasi ya kuonyesha sababu kabla ya tukio. Adui wa hadithi hiyo, Xal'atath, aliingia mchezoni mwaka 2016 akiwa sauti ndani ya kisu cha makuhani, akiongea, akicheka na kutoa siri, na mambo mengi aliyoyasema wakati ule niliyanakili neno kwa neno. Ameshaangamiza Dalaran, na mchawi Khadgar aliyedhaniwa amekufa humo amerudi akiwa hai, nami nimeziweka habari zote mbili katika safu ya kwanza. Katika safu ya pili, mbele ya jina la Xal'atath, nimeandika yale maneno ya kisu na kuacha mistari kadhaa wazi chini yake.